Tanga la Daktari wa Meno

Karakanani
2 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiacha kikohozi cha Shangazi, ambacho huja akitaka chai na kupona akishaipata. Wasiwasi wangu ni wewe. Je, umetapika? Mwalimu wa sayansi anasema mtu akitazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, tumbo hutulia. Na tafadhali usivue lile jaketi la kuelea, hata kama daktari mwenye mashua atalicheka. Yeye anajua kuogelea, wewe hujui.

Tangu mlipotoka bandarini karakana imepoa. Cherehani nimeifunika, sindano nimezipaka mafuta. Jana alikuja yule mzee mwenye mashua ya bluu, akaniuliza, "Mama yako yuko wapi?" Nikamjibu, "Amekwenda na tanga lake." Akasema, "Kumbe amekwenda kweli! Nilidhani desturi ile ilizikwa pamoja na baba yako." Nikamwambia haikuzikwa. Fundi akishona tanga jipya, safari ya kwanza hukaa chini yake, ili likipasuka limpasukie na yeye. Ndivyo alivyofanya Baba na ndivyo unavyofanya wewe. Mzee akasema basi atangoja aone tanga la daktari wa meno limefikaje, ndipo alete la kwake. Hayuko peke yake, Mama. Wako wengi wanaongoja kuona kama mke wa fundi naye ni fundi.

Shangazi amehamia rasmi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu alikuja na jembe lake siku ya kwanza. Ameosha madirisha, amepanga upya kabati, na kila akikunja kitu husema, "Enzi za kaka yangu karakana hii ilikuwa inang'aa."

Barua hii anaichukua Honi, yule dereva, kwenye lori lake la saruji. Amekubali kutuchukulia barua zote, aziache kwa mlinzi wa kila gati mtakalofika, na kwenye kurudi akusanye zako.

Mwanao akupendaye.


Gati la Chumvi
5 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, imejaa vumbi la saruji, nikapiga chafya mara mbili kabla ya kuifungua. Nimefurahi kusikia hamjambo. Mimi nilitapika hadi nikawaonea huruma samaki, lakini sasa nakula mkate na unakaa tumboni.

Mashua ni ndogo. Chukua chumba chetu, kichonge ncha upande wa mbele, ondoa dari: hiyo ndiyo nyumba yangu. Daktari anashika usukani, mimi nakaa mbele kutazama maji, kwa sababu pwani hii imejaa miamba ya matumbawe. Nimeshajifunza. Maji ya bluu iliyokolea yana kina. Ya kijani, uwe macho. Ukiona kahawia, piga kelele. Kupita kwenye mwanya wa miamba lazima jua liwe juu, nyuma yetu, la sivyo maji yote yanang'aa kama bati na huoni kitu. Jana tulipita hivyo, mimi napiga kelele, "Kulia! Kulia tena!" na daktari anaubembeleza mwamba kama mgonjwa wake: "Fungua mdomo, mama. Fungua zaidi. Haitauma." Nilicheka huku nimeshika ukingo kwa mikono miwili.

Tanga limekaa vizuri, limejaa kama shavu la mtoto aliyeshiba. Unajua kila nikifungua tanga jipya macho yangu hutafuta yenyewe zile nyuzi nyekundu tunazofunga kwenye mshono unaongoja kurudiwa mara ya pili. Safari hii sikuona hata mmoja. Nikasema moyoni, mwanangu alikuwa na mtihani, na bado akapata nafasi ya kurudia kona ya juu na ubavu. Kwa haraka ya kuondoka sikukushukuru. Nakushukuru leo.

Kituo kinachofuata ni Gati la Mbao. Baada ya hapo ni Rasi. Upepo pale huisukuma mashua kuelekea kwenye miamba, na hakuna pa kutia nanga kwa amani mpaka uivuke yote. Daktari anasema hapo ndipo tanga litakapojulikana.

Msalimie wifi yangu. Mpe chai.

Mama yako.


Nyumbani
8 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mwalimu wetu anasema barua isiyo na salamu ni mlango usio na bawaba, kwa hiyo nimekusalimu. Sasa nisikilize. Usikubali daktari azunguke Rasi kwa tanga hilo. Mishono ile sikuirudia. Hata mmoja.

Siku uliyokwenda kupima mlingoti wa daktari, mimi nilikuwa kwenye mtihani. Nyuzi nyekundu niliziacha mahali pake. Niliporudi nikakuta umeshalikunja tanga, nikaamini umemaliza mwenyewe. Kumbe nawe uliamini nimemaliza mimi. Kona ya juu imeshikwa na mshono mmoja tu, na ubavu vilevile.

Niliposoma barua yako nilikwenda moja kwa moja kwa Shangazi. Alikuwa anapiga pasi.

"Shangazi, siku ile ulipokuja kutusaidia, uligusa tanga?"

"Kugusa? Nililipendezesha. Lilikuwa na vinyuzi vyekundu vinaning'inia kama ndevu za beberu. Nikachukua mkasi, kwisha kazi. Kitu cha mteja kinatolewa hivyo?"

"Zilikuwa alama, Shangazi."

"Alama ya nini? Kaka yangu ameshona matanga maisha yake yote, sikuona uzi mwekundu hata siku moja."

"Baba alitumia chaki. Mama anatumia uzi kwa sababu chaki hufutika. Ukiona uzi mwekundu, mshono bado."

Aliiacha pasi juu ya kitambaa mpaka tukasikia harufu. Nikaiondoa mimi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Usimwandikie. Yuko majini. Ukimtia hofu ndiyo utamzamisha."

Nikamwambia, "Hofu haipasuki, Shangazi. Mshono unapasuka."

Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Nilingoja kofi. Badala yake alivaa viatu, akauliza, "Huyo Honi hulala wapi?" Tumemkuta gereji anajaza matairi upepo. Alipoona sura zetu akasema, "Barua ya haraka? Basi mama, hata breki nitazisahau." Shangazi akamwambia, "Breki usizisahau. Wewe fika."

Mama, lishusheni tanga hapo Gati la Mbao. Daktari akilalamika, mwambie jino bovu halijulikani kwa macho matupu.

Mwanao.


Gati la Mbao
9 Agosti, asubuhi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima. Leo nakuandikia bila kuwa na barua ya kujibu. Mlinzi wa gati anasema mvua imeharibu daraja huko barabarani na malori yamepanga foleni. Najua Honi anapiga honi kama vile mto utamsikia.

Nilitaka tungoje. Daktari hataki. Upepo umegeuka, sasa unatufaa, na yeye anasema upepo ni kama mgonjwa mwoga: ukimwambia asubiri kidogo, anatoroka. Kwa hiyo tunaondoka asubuhi hii. Hatutasimama tena mpaka tuivuke Rasi, tufike kwenye mji wenye mnara wa taa.

Kuna jambo moja dogo. Tangu jana tanga linatoa mlio kule juu kwenye kona, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Nilimwambia daktari tulishushe nipitishe mkono. Akasema ni kamba inasuguana na mlingoti, anaijua mashua yake. Tumebishana. Mwishowe tukakubaliana nitalikagua upande wa pili wa Rasi. Sikuridhika sana. Lakini nikajiambia, mishono ile ameirudia mwanangu, na mkono wake nauamini kuliko sikio langu.

Nimejifunza kushika usukani. Daktari anasema nina mkono mzuri, ila niache kuuomba radhi kila ninapokata kona.

Naogopa kidogo. Simwambii yeye, nakwambia wewe.

Anaita. Amekwisha kufungua kamba ya mbele.

Mama yako.


Nyumbani
12 Agosti

Mama,

Shikamoo, popote ulipo.

Honi amerudi na barua mbili mkononi. Moja ni yako. Nyingine ni ile ya kwangu, haijafunguliwa. Alizuiwa darajani, na alipofika Gati la Mbao alikuta maji matupu na mlinzi anafagia maganda ya mbao. Alisimama mlangoni kwetu amevua kofia, mtu ambaye huwa haachi kupiga kelele, akasema, "Nilichelewa, mdogo wangu." Yako nimeisoma nimesimama. Pale uliposema unauamini mkono wangu, nilikaa chini sakafuni.

Nilikimbia posta kupiga simu. Magatini hakuna simu, na upande ule wa Rasi ipo moja tu, ya mlinzi wa mnara. Inaita na haipokelewi. Karani akanirudishia sarafu zangu, akasema nijaribu tena kesho.

Niliporudi nikamkuta Shangazi amevaa gauni lake la kutokea na mkoba umekaa magotini.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye huo mji wa mnara."

"Shangazi, wewe hata basi la sokoni hulipendi."

"Nani amesema napenda? Honi anaondoka baada ya kujaza mafuta. Barua ni miguu ya mtu mwingine. Safari hii nakwenda na yangu."

Nikamwomba twende wote. Akasema, "Ukienda na wewe, nani atakuwa hapa habari zikifika?" Hakusema habari gani. Nitalala kwa jirani, kwa mke wa fundi viatu. Shangazi amenipa ufunguo wa karakana, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama anayepima kofia, kisha akaenda kukaa kwenye lori. Nimemwambia asubiri nimalize barua hii.

Mama, mishono sikuirudia. Nyuzi zilikatwa kwa bahati mbaya. Kama unasoma hapa, basi uko hai, na hilo linanitosha kwa kuanzia. Kama mlirudi Gati la Mbao na Honi akakukuta huko, usiivuke Rasi.

Honi anapiga honi.

Mwanao.


Kwa jirani
16 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua hii sina wa kumpa. Honi hajarudi, Shangazi hajarudi, na simu ya mnara bado inaita tu. Lakini nisipoandika nafanya mambo ya ajabu. Leo darasani mwalimu aliniuliza mji mkuu wa nchi fulani, nikamjibu, "Upepo wa kusini." Wenzangu walicheka mpaka kengele ikalia.

Jioni nilikwenda kufungua karakana ili ipate hewa. Mzee wa mashua ya bluu akaja. "Kuna habari?" Nikasema, "Tanga liko safarini." Alinitazama, naona akaelewa zaidi ya nilichosema, maana alivuta kigoda akakaa. Akasema, "Nilimuuzia mama yako turubai miaka ile baba yako anaumwa. Alilirudisha mara tatu. Eti limefumwa vibaya. Mama yako ni mkaidi, binti. Wakaidi huelea." Kisha akaondoka, na kigoda alikirudisha mahali pake.

Matokeo yametoka. Nimekuwa wa pili. Sijamwambia mtu. Nataka wewe uwe wa kwanza kujua, kwa hiyo lazima uwepo.

Nakuomba ujibu, hata neno moja.

Mwanao.


Mji wa Mnara
15 Agosti

Mwanangu,

Mimi mzima. Nimelitanguliza hilo ili usome mengine ukiwa umekaa. Simu ya mnara imeharibika, kwa hiyo nakuandikia.

Lilipasuka katikati ya Rasi. Mlio wake ni kama muuza vitambaa anapochana mita mbili kwa mkupuo. Kona ya juu ilitoka yote, tanga likaanguka nusu, na mashua ikageuka kuelekea kwenye miamba kama punda aliyeona nyumbani. Daktari alirusha nanga. Ikaburuta. Nikawa naona kahawia chini yetu, na sikuwa na haja ya kupiga kelele kwa sababu na yeye alikuwa anaiona. Kisha nanga ikashika. Mawimbi yalikuwa yanavunjika nyuma yetu karibu sana, yananirushia povu mgongoni.

Daktari akaniuliza, "Fundi, linashoneka?" Tangu tuanze safari alikuwa ananiita mama. Nikamwambia linashoneka akilikalia lisipeperuke. Akalikalia. Lakini turubai lililolowa ni gumu, na sindano nikiipitisha upande wangu siwezi kuivuta upande wa pili. Basi akatoa koleo lake la kung'olea meno. Mimi napenyeza, yeye anaivuta kwa koleo na kunirudishia. Mashua inaruka, nanga inateleza kidogo, inashika tena, sisi tunashona. Vidole vilivyozoea kufanya kazi ndani ya mdomo wa mtu havitetemeki, nakuapia. Katikati ya kazi akasema, "Nampenda mgonjwa huyu. Haumi." Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia.

Tulishona mara ya kwanza, tukarudia mara ya pili. Ndipo nilipoziona ncha za nyuzi nyekundu zimebaki ndani ya pindo, zimekatwa laini kabisa. Nikajua hazikufunguliwa na mtu aliyemaliza kazi. Na nikajua pia ni nani aliyelikunja tanga lile bila kupitisha mkono: ni mimi. Tulipandisha tanga, tukaivuta nanga, na Rasi tukaivuka polepole.

Jana tulikuwa tumelianika tanga hapa gatini, likasimama lori. Akashuka mtu mweupe wa saruji kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, ameshika mkoba. Sikumtambua mpaka alipokohoa. Hakunisalimu. Alinitazama mikono, miguu, uso, kama anayekagua mzigo uliofika, kisha akanipa barua yako.

"Mimi ndiye niliyezikata," akasema.

"Najua, wifi."

"Umejuaje na barua hujafungua?"

"Mwanangu hakati alama. Na panya hana mkasi."

Akakaa juu ya kamba akalia, saruji ikawa uji mashavuni. Nikakaa naye. Miaka yote hii tumekuwa tukikaa kwenye viti viwili mbalimbali, mwanangu. Alipomaliza akasema, "Turudi wote kwa lori. Imetosha."

Nikamwambia siwezi. Tanga halijafika. Safari iliyobaki, daktari anasema ni siku tatu upepo ukitaka, tano usipotaka. Wifi akaitazama mashua muda mrefu, kisha akainuka, akapanda. Hivyo hivyo, na gauni lake.

Daktari akamwambia, "Mama, mkoba huo tuuache ufukweni."

Akamjibu, "Mkoba ni wangu. Wewe endesha."

Mishono yote nimeirudia, safari hii kwa mkono na si kwa jicho. Tunaondoka kesho. Bado kuna miamba, sitakudanganya. Usiniombee usingizi, niombee jua liwe juu tunapopita.

Mama yako.


Nyumbani
18 Agosti

Mama na Shangazi,

Shikamooni wote wawili.

Honi amefika. Safari hii alianza kupiga honi tangu kona ya shule, na mwalimu akaniruhusu kutoka kabla sijaomba. Nimesoma mara moja kwa haraka, mara moja polepole, na mara ya tatu kwa sauti, kwa sababu mke wa fundi viatu na mzee wa mashua ya bluu walikuwa wamesimama dirishani wakijifanya wanaongea habari za mvua. Nilipofika kwenye koleo la meno, mzee akasema, "Hilo sijalisikia tangu nizaliwe," akaondoka mbio kwenda kulieneza.

Nimefurahi na bado naogopa. Sikujua mtu anaweza kubeba vyote viwili kwa wakati mmoja na akaendelea kuosha vyombo.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya tarehe 16. Isomeni, ila msiicheke sehemu ya upepo wa kusini.

Honi aliniuliza barua aipeleke wapi. "Niiache mnarani?" Nikasema hapana, bandari ya mwisho. Akakuna kichwa. "Mdogo wangu, mimi nitafika kesho kutwa. Na kama wenyewe hawajafika?"

Nikamwambia amwachie mlinzi wa gati, amwambie aishike mkononi, asiitie kwenye droo. Barua zangu zimekuwa zikiwakimbiza nyuma tangu mwanzo, na ile ya maana ilifika mmeondoka. Sasa nimeituma mbele. Nimewaandikia hapo kwa sababu ndipo mtakapokuwa.

Mwanenu.


Bandari ya mwisho
21 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, mara mbili: moja yangu, moja ya shangazi yako.

Upepo haukutaka, kwa hiyo zikawa siku tano. Mwanya wa mwisho ulikuwa mwembamba kuliko yote. Jua lilikuwa juu lakini wingu likaja, maji yakawa bati tupu, na mimi mbele sioni kitu. Daktari aliacha kutania, nikajua mambo si mazuri. Wifi alikuwa amekaa chini ya mlingoti, mkono mmoja kwenye mkoba, mwingine kwenye ubavu wa tanga, anaubonyeza mshono kama anayepima homa. "Unashika," alikuwa anasema. "Bado unashika. Bado." Tukageuka, tukazunguka nje ya miamba, tukangoja wingu lipite, tukageuka tena. Tanga lilivutwa huku na huku mpaka nikafumba macho. Wingu likasogea. Nikaona bluu.

Tulipokaribia gati, mtu mmoja alitembea mpaka ukingoni akainua mkono juu. Nilidhani anatuambia turudi. Daktari akapunguza mwendo, mimi nikaanza kutafuta mwamba. Yule mtu hakushusha mkono. Ndipo nikaona ameshika bahasha.

Mikono yangu ilikuwa imejaa kamba, kwa hiyo aliyepokea na kusoma kwa sauti ni shangazi yako. Kwenye matokeo yako alisoma mara mbili, daktari akapiga makofi. Alifika mstari wa mwisho. Akaikunja barua, akaitia ndani ya mkoba, akafunga zipu. Nikamwambia, "Wifi, hiyo ni yangu." Akasema, "Ni yetu. Imeandikwa Mama na Shangazi."

Tunarudi kwa lori, sote wawili. Wifi anasema ufagie karakana. Mimi nasema usifagie, usipike, usifanye kitu chochote. Kaa mlangoni nikuone.

Mama yako.